Aliyebaki Kitini

Jumatatu, saa mbili kasoro dakika saba asubuhi, Mama Samahani alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda akiitazama soksi yake ya kushoto. Ilikuwa sakafuni. Ya kulia alishaivaa, ikamchukua dakika nne na tusi moja dogo. Alipima umbali, akapima mgongo wake, akaamua mguu wa kushoto uende kazini bila soksi.

Kazini hapakuwa mbali. Ni chumba cha pili, kilichokuwa stoo kabla kampuni haijawaambia watu wake wafanyie kazi nyumbani. Alikuwa anapokea malalamiko ya kiwanda cha magodoro. Mtu akipiga simu kusema godoro linamuumiza mgongo, yeye anasema, "Samahani sana kwa usumbufu," kisha anauliza kama ameligeuza. Akisema ameligeuza, anamwomba aligeuze tena. Saa tisa kwa siku, miaka minane. Dirisha la stoo lilikuwa wazi mchana kutwa, ndiyo maana majirani wakampa jina hilo.

Kwenye meza kulikuwa na kamera ndogo. Fundi wa kampuni aliifunga kwa skrubu na kubandika stika: USIHAMISHE. Kwenye skrini kulikuwa na duara, na kichwa cha mfanyakazi kilitakiwa kiwe ndani ya duara zamu nzima. Kikitoka, duara linakuwa jekundu na kuanza kuhesabu kutoka thelathini kurudi nyuma. Likifika sifuri, huo ni utoro. Utoro mara tatu kwa mwaka, kazi basi. Mama Samahani alikuwa na mara mbili. Ya kwanza alikwenda kuzima jiko. Ya pili alikuwa anajinyoosha, akakwama.

Jumatatu hiyo jioni mgongo ulikataa kabisa. Mume wake na mama mkwe wakamshika huku na huku, kama kabati linalohamishwa, wakampeleka kwa mtaalamu wa viungo. Mtaalamu alikuwa mwanamke mfupi mwenye vidole vya baridi.

"Unakaa saa ngapi kwa siku, dada?"

"Tisa."

"Na kazi ikiisha?"

"Nakaa kidogo, napumzika."

Mtaalamu akamtazama mume, mume akatazama dari.

"Fanya kazi umesimama," mtaalamu alisema. "Meza ifike kwenye kiwiko, skrini ifike kwenye macho. Miguu ikichoka, tembea, kisha urudi. Ukiendelea na hicho kiti, mwakani utaletwa hapa umebebwa."

"Ngazi zote zile tumepanda kuja kuambiwa usimame?" mama mkwe alisema walipotoka. "Si ungeniuliza mimi!"

Mume wake alikuwa seremala. Nusu ya mtaa walikuwa wanakula kwenye meza zake, na yeye nyumbani kwake alikuwa anakula kwenye meza yenye mguu uliotiwa kipande cha boksi. Mganga hajigangi. Lakini safari hii alikwenda moja kwa moja karakana, akachukua mlango wa zamani wa bafu, akaupiga randa mpaka ukasahau kama ulikuwa mlango. Akampima mkewe kiwiko mara tatu na macho mara mbili. Akapima hata unene wa ndara zake. Alhamisi asubuhi meza ya kusimamia ilikuwa stooni, nyuma ya ile ya zamani, imetulia kama ng'ombe.

Kitu ambacho hakuna aliyekikumbuka ni kamera.

Saa mbili kamili Mama Samahani alisimama mbele ya kompyuta yake, iliyohamishiwa meza mpya, hedifoni masikioni. Kamera ilibaki kwenye meza ya chini, ikitazama kiti kitupu. Duara likawa jekundu.

"Baba, kamera!" alisema.

Mume wake alikuwa na bisibisi mkononi. Akaitazama stika. Stika ile ikichanika, kampuni inajua.

"Ishirini na mbili," alisoma mama mkwe. "Ishirini na moja. Kaa basi, mwanangu!"

"Nikikaa leo, mama, siinuki tena."

"Basi kumi na tisa."

Ilipofika kumi na moja, maumivu ya mgongo yalimtoka. Hayakuwa na haraka. Yalianzia shingoni, yakashuka pingili moja moja kama mtu mzima anayeshuka ngazi bila taa, yakapumzika kidogo kiunoni, kisha yakatoka nje, yakaizunguka meza na kuketi kwenye kiti. Yalikuwa na umbo lake na sweta lake la kijivu, na yaliinama kidogo upande wa kushoto. Kichwa kikaingia ndani ya duara. Hesabu ilikuwa imefika nne. Duara likawa la kijani.

Mama mkwe akavuta pazia ili jua lisimpige mgeni usoni.

"Karibu, Bi Maumivu," alisema.

"Ahsante, mama. Nilishakaribia siku nyingi."

Simu ya kwanza ikalia. Mama Samahani akaipokea akiwa amesimama. Alivuta pumzi ili aombe samahani, na pumzi ikaenda chini kabisa, mahali ambapo hakuwa ameiona kwa miaka. Mteja akamuuliza kama bado yuko hewani. Akasema yuko.

Siku mbili zilipita hivyo. Bi Maumivu hakuwa na shida na mtu. Alikataa chai, akapenda upepo wa chini ya mlango. Kazi ikiisha alibaki palepale kitini, na mama mkwe alipenda kuzungumza naye, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa na goti linalomuuma na alitaka kujua maumivu huwa yanafikiria nini.

Siku ya tatu mkuu wa zamu alipiga simu ya video kukagua.

"Leo umekaa vizuri sana," alimwambia Bi Maumivu. "Dakika sifuri nje ya duara. Hata msalani hujaenda."

Mama Samahani hakuwahi kusema uongo kazini, ukiondoa ule wa kugeuza godoro. Akainama mpaka uso wake ukaonekana pembeni ya picha.

"Mkuu, shikamoo. Huyo si mimi. Mimi niko hapa juu, nimesimama. Huyo ni maumivu yangu ya mgongo."

Mkuu wa zamu alipekua karatasi zake.

"Yako ndani ya duara?"

"Yako ndani."

"Yana namba yako ya kazi?"

"Nadhani. Tumekuwa pamoja muda wote."

"Basi sioni tatizo. Ila wewe naomba usogee, unaingia kwenye picha."

Akasogea. Mama mkwe, aliyekuwa mlangoni na bakuli la maharage ya kuchambua, akatikisa kichwa.

"Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," alisema. Akamvua mkwewe hedifoni, akamvika Bi Maumivu.

Bi Maumivu alijua kazi. Alikuwa ameisikia yote, simu kwa simu, kwa miaka minane. Mzee mmoja alipiga akilalamika, na Bi Maumivu akamkatiza kwa upole: "Ni chini kushoto, baba? Inakushika asubuhi, ukiinama kuosha uso?" Kisha yule mzee akaanza kulia. Alisema hakuna aliyewahi kumuuliza. Bi Maumivu akamsikiliza mpaka mwisho, akamwambia samahani sana kwa usumbufu, akamwomba aligeuze godoro.

Wateja wakaanza kumwomba yeye kwa jina. Kampuni ikamtangaza mfanyakazi bora wa mwezi, na picha yake, imeinama upande wa kushoto, ikatumwa kwa kila mtu. Mshahara uliingia kwa Mama Samahani kama kawaida, kwa sababu Bi Maumivu hakuwa na akaunti wala matumizi.

Mama Samahani yeye akawa anakwenda karakana. Alipiga msasa, alipaka vanishi, alishika upande wa pili wa mbao ndefu. Jioni miguu ilimuuma kidogo, uchovu mtamu, ule unaoisha ukilala. Mume wake alimkuta siku moja amechuchumaa chini ya kabati akikaza skrubu huku anaimba.

"Unaweza kuinuka hapo?" alimuuliza kwa wasiwasi.

"Niondokee, wewe. Mbona naona kama wewe ndiye uliyezeeka?"

Kisha ikaja barua. Kampuni imeamua watu wote warudi ofisini. Kila mmoja awe kitini kwake Jumatatu saa mbili kamili. Mama Samahani alipiga simu kuuliza kama anaweza kuja na meza yake ya kusimamia. Aliambiwa kamera za ofisini zimefungwa ukutani, usawa wa mtu aliyeketi, na ukuta haushuki wala haupandi.

Usiku huo hakuonja chakula. Mume wake alisema kazi itapatikana nyingine. Alisema hivyo bila kumtazama, kwa sababu karakana haikuwahi kulisha watu watatu. Mama Samahani akaenda stooni, akasimama mbele ya kiti.

"Nikienda nikakaa, itakuwaje?" aliuliza.

"Ukikaa, mimi nitakuwa sina kiti," Bi Maumivu alisema. "Nitarudi kwako. Sina ndugu mwingine."

"Na palepale?"

"Palepale, dada. Labda na mguuni kidogo. Nimeongezeka."

Mama Samahani akashika kiuno chake kwa mikono miwili, kama mtu anayeshika mtungi uliojaa. Aliwaza miaka aliyobakiza, saa tisa kwa siku. Hakulia. Alisema tu, "Mimi siendi," na sauti yake ilitoka ndogo, ya mtoto aliyekataa dawa.

"Nimekwambia uende?" Bi Maumivu alisema. "Aliyetangazwa mfanyakazi bora ni nani? Nipe kitambulisho."

Jumatatu Bi Maumivu akaondoka na kitambulisho shingoni. Getini mlinzi akalinganisha picha na sura, akasema picha imempendelea, akamfungulia. Jioni akarudi. Mama mkwe alikuwa amemwekea kiti mlangoni ili asitembee zaidi.

"Haya, tuambie," alisema mama mkwe. "Wenzako wakoje?"

"Wazuri. Tuko arobaini na wawili."

"Na wote wamekubali kurudi? Kukaa siku nzima hivyo?"

"Wote ni sisi, mama," Bi Maumivu alisema. "Hakuna mtu hata mmoja. Viuno ni ishirini na kitu. Pembeni yangu kuna shingo, mcheshi sana. Dirishani wako macho wawili, hawapendi mwanga. Yuko kifundo cha mkono mmoja anayeandika haraka kuliko wote."

"Na mkuu wa zamu?"

"Yeye ni vidonda vya tumbo. Mwenyewe simjui, wanasema yuko kwake analima."

Mume alikuwa anasikiliza huku anakula. Akauliza hao wenye maumivu yao, waliobaki nyumbani, wanasimama kwenye meza za fundi gani. Bi Maumivu akasema wengine wamepanga makreti, mmoja anatumia friji. Mume akatoa penseli nyuma ya sikio. Mwezi uliofuata walitengeneza meza kumi na nne, na Mama Samahani alibeba kila moja upande mmoja mpaka kwa mwenyewe. Kampuni nayo ilitangaza kwamba tangu watu warudi ofisini utoro umekwisha, kwa hiyo zamu itaongezwa saa moja.

Siku zamu ilipoongezwa, Bi Maumivu alirudi giza likiingia. Hakupiga soga. Aliketi, akafumba macho.

"Una nini?" Mama Samahani alimuuliza.

"Mgongo," alisema Bi Maumivu.

Mama Samahani akaenda nyuma ya kiti, akatafuta kwa kidole gumba, chini kushoto. Alipajua. Akaanza kupakanda taratibu, kwa mafuta ya kupikia, hakukuwa na mengine.

"Si usimame kidogo basi," alisema. "Kesho, hata dakika kumi."

"Nikisimama mimi," Bi Maumivu alisema, "nani atakaa?"

Chumbani mama mkwe alikuwa anaongea na goti lake, na nje mume alikuwa anafunga karakana. Mama Samahani akaongeza mafuta, akainama zaidi ili apafikie vizuri. Mikono yake ilikuwa na nguvu siku hizo, na kiuno chake kilipinda na kunyooka bila kuomba ruhusa ya mtu.