Ngozi Chini ya Kiti cha Dereva

Uzi wa tatu ulipotoka, Salha alisimamisha mkono. Haukuwa uzi. Aliuvuta taratibu kwa ncha ya msumari, akauweka kiganjani na kuusogeza dirishani penye mwanga. Ulikuwa mgumu, wa rangi ya asali, na ulinuka moshi kidogo.

"We umetoka wapi?" aliuuliza.

Salha alikuwa fundi wa viti na maturubai mjini Karatu, kwenye kibanda kilichokuwa nyuma ya duka la shanga la Twaha. Mafundi wengine walifumua kiti kwa wembe, dakika tano wamemaliza. Yeye hakukata. Alifumua mshono mmoja mmoja, na kila uzi akautia kwenye kopo la maziwa. Alisema ukifumua polepole utamjua fundi aliyekutangulia: kama alikuwa na haraka, kama alikuwa na njaa, kama aliwajali watakaokalia. Watu walimcheka, kisha wakamletea viti vyao.

Kiti hiki kilikuwa cha Mzee Eliapenda, mtu wa Machame, dereva mstaafu wa polisi. Kilitoka kwenye Landrover aliyoiendesha miaka kumi na minne. Gari lilipopigwa mnada kama chuma chakavu alilinunua, akaliegesha kwenye kiwanja cha jirani, na kwa miaka sita akawa anatafuta vipuri vyake. Hakutaka vya kufanana. Alitaka vilevile vilivyotoka kiwandani. Mlango wa kushoto aliukuta Soitsambu, umefunga banda la mbuzi. Kioo cha ile taa ya buluu ya juu alikikuta Engaresero kwa mama mmoja, amefunikia sukari isiliwe na sisimizi. Mama yule alikitoa bila kinyongo, akabaki anatafuta kifuniko kingine.

Sasa ilikuwa mwaka 2002, barabara ya lami inajengwa kuelekea lango la Ngorongoro, na viwanja vimeanza kutakiwa. Mwenye kiwanja alitaka kujenga. Jumamosi angekuja kijana aitwaye Alex kutoka Arusha, anayekusanya magari ya zamani ya serikali kwa ajili ya maonyesho. Akilikubali, atalichukua na kulitunza. Akilikataa, Jumatatu wanunuzi wa chuma wanakuja na mtungi wao wa gesi, wanalikata vipande. Na Alex alikuwa ameshasema: gari lenye vipuri vya kubandika halichukui.

Jumatano mchana mzee alisimama mlangoni, kofia mkononi.

"Mama Mwamini," alimwita Salha kwa jina la mwanawe, "kiti kimefika wapi?"

"Shikamoo mzee. Njoo uone kitu."

Aliupindua mto wa kiti. Kati ya springi na sponji palikuwa na kipande cha ngozi ya ndama, manyoya bado yapo, mekundu yenye baka jeupe. Kilikuwa kimeshonwa pembeni pote.

Mzee alivaa miwani, akaitazama ngozi, akavua miwani.

"Hiyo si ya kiwandani."

"Najua. Ila ni ya nani?"

"Itakuwa karakana ya Arusha. Wale walikuwa wanatia chochote."

"Karakana gani inashona kwa mshipa wa ng'ombe, mzee?"

"Itoe, mama. Nimekuletea springi na sponji za Soitsambu, zote halisi. Yule kijana ana orodha ya kurasa nne. Nisije nikaangushwa na ndama."

"Aliyeshona alikuwa mtu wa mkono wa kushoto."

"Hata angekuwa wa mguu wa kushoto, itoe."

Aliondoka. Alifika barabarani, akarudi, akachungulia tena.

"Umejuaje mkono wa kushoto?"

"Tazama mishono ilivyolala. Yangu inalala huku. Hii inalala kule."

Mzee alitazama muda mrefu. "Haya," alisema, "lakini itoe."

Salha alifumua mpaka nusu, akashindwa kuendelea. Mkono haukutaka. Mishono ile ilikuwa midogo, imekaribiana, na kwenye kila kona imerudiwa mara mbili, pale ambapo hakuna mtu ambaye angekuja kuiona.

Alhamisi akina mama wa Nainokanoka waliteremka na lori kununua shanga. Salha alitoka na mto wa kiti kifuani kama mtoto. Kwenye benchi la Twaha alikuwa amekaa bibi mmoja, jina lake Nareyu, anachagua shanga za buluu. Alizichagua kwa mkono wa kushoto.

"Takwenya, koko," Salha alimwamkia kwa Kimaasai, akimwita bibi, naye akaitika, "Iko." Kisha Salha akamwekea mto magotini.

Nareyu hakuugusa mshono kwanza. Aliinama akanusa. Halafu akaziba mdomo kwa kiganja, mabega yakatikisika kwa kicheko.

"Huyu ndama nilimlilia," alisema. "Mama yake alikosa maziwa. Umempata wapi?"

"Ndani ya gari la polisi."

"Ndiyo. Mimi nilimweka."

Akaeleza, bila haraka, huku vidole vikitembea juu ya manyoya. Ilikuwa wakati wa mvua. Askari walipanda Nainokanoka kutafuta ng'ombe walioibiwa, na dereva wao akashikwa na homa. Alilala nyumbani kwa Nareyu siku mbili, anatetemeka, hajui mtu. Wenzake walienda kwa miguu. Nareyu alikuwa amemwona akishuka garini, suruali ina damu nyuma.

"Nikaenda kuangalia kile kiti. Waya umetoboa, unachoma kama mwiba. Nikakifungua, nikashona."

"Yeye hukumwambia?"

"Alikuwa mgonjwa. Alipopona wakaondoka asubuhi, mbio mbio."

"Na kwa nini ulifanya, koko?"

Nareyu alimtazama kama aliyeulizwa kwa nini maji ni ya kunywa. "Kiti kilikuwa kinaumiza mtu. Na mimi nilikuwa na ngozi."

Ijumaa Salha alimweleza mzee yote, hakupunguza. Eliapenda alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa.

"Homa naikumbuka," alisema mwishowe. "Na maziwa ya moto. Na moshi. Nilipokalia kiti sikuumia tena, nikasema, homa imenitoka mwilini, sasa nimekuwa mzima." Alifuta miwani ambayo haikuwa na vumbi. "Miaka tisa baada ya pale niliendesha. Nikiwasifu wale wa karakana."

Springi na sponji za Soitsambu zilikuwa zimeegemea ukuta, safi, tayari. Mzee alizitazama. Aliitazama na ngozi.

"Umefumua kiasi gani?"

"Nusu."

"Inaweza kurudi?"

"Mimi nitashona, mzee. Lakini utakuwa mshono wangu."

Mtaani lilipita greda, kopo la nyuzi likatetemeka mezani.

"Yule mama bado yupo mjini?"

"Yuko kwa mwanawe. Lori lao linapanda kesho."

"Basi nenda kamwombe. Mimi nitaona aibu."

Nareyu alikuja na mshipa wake mkavu umefungwa kwenye kitambaa. Kabla hajakaa, Salha aliinua benchi la kazi, akaligeuza, ili mwanga wa dirisha umjie bibi upande wa kulia na kivuli cha mkono wake kisiangukie kazi. Nareyu aliona. Alilipapasa benchi mara moja kabla ya kuanza.

"Shikamoo, mama," alisema Eliapenda, amesimama wima kama yuko gwaride.

"Marahaba. Umenenepa," alisema Nareyu. "Zamani ulikuwa fimbo."

Jumamosi Alex alilizunguka gari saa nzima akiwa na orodha yake. Alipapasa mlango, akagonga kioo cha taa, akalala chini ya injini. Aliandika na kuandika. Mwisho akanyanyua kiti cha dereva, akakigeuza juani.

"Na hii?"

Springi za Soitsambu zilikuwa kule kibandani, bado zimeegemea ukuta. Salha alishika ukingo wa khanga yake.

"Hicho ni kipuri cha gari," alisema Mzee Eliapenda. "Kimekaa humo tangu mwaka sabini na nne."

"Kiwandani hawakuweka ngozi, mzee."

"Hawakuweka."

Alex alipitisha kidole juu ya mshono, kona mpaka kona. Alisimama pale ambapo nusu ya zamani ilikutana na nusu ya jana, akarudi nyuma, akapita tena. Aligeuza kurasa za orodha, ya kwanza, ya pili, akafika kwenye safu ya mahali kipuri kilikotoka.

"Sasa hapa niandike nini?"

"Andika Nainokanoka," alisema mzee, akielekeza kofia kwa Nareyu aliyesimama pembeni.

Lori lilikuwa limeshaanza kupiga honi stendi, lakini Nareyu hakuwa na haraka. Alichukua mto wa kiti mikononi mwa kijana, akaurudisha mahali pake, akapanda, akakaa. Alijitikisa kidogo, kushoto, kulia, akisikiliza kwa mwili. Halafu akashika usukani kwa mkono wake wa kushoto na kutazama mbele, kule barabara inakopanda msituni, wakati Alex, kalamu ikiwa hewani, akimwuliza namna ya kuandika jina lake kwenye safu ile.