Okota, Lindsay

Kwenye uwanja wa gofu wa Karinga, mpira ukilala karibu na shimo kiasi kwamba hata mlevi angeuingiza, mpinzani wako hukwambia, "Okota." Maana yake, hesabu umeingia, usijisumbue kuupiga. Hakuna sheria inayomlazimisha kusema hivyo. Ni ungwana tu, na wakulima wa ngano wa upande ule wa Mallee, nyanda kavu za Australia, huutoa kwa urahisi kama wanavyokupungia kidole kimoja kutoka kwenye usukani mkipishana barabarani.

Warwick Pascoe hakuwahi kulisema neno hilo. Ujanani, kwenye fainali ya ubingwa wa wilaya, mpira wa rafiki yake Lindsay Noske ulisimama mahali ambapo ungeupuliza tu ukaingia. Lindsay akamtazama. Warwick akajitia kuangalia kasuku waliokuwa wakipiga kelele juu ya waya. Lindsay akapiga, mpira ukazunguka ukingo wa shimo na kutoka. Jina la Warwick likaandikwa kwenye ubao wa mabingwa, na lipo mpaka leo.

Tabia hiyohiyo ndiyo iliyomlisha mjini. Huko Melbourne alikuwa mkurugenzi mkubwa, na fani yake ilikuwa kuunganisha makampuni. Aliingia kwenye chumba cha mazungumzo akitabasamu, akanywa chai yenu, akawauliza habari za watoto, na mlipotoka mlikuwa mmekwisha kumpa kila kitu na bado mnamshukuru. Starehe zake zilikuwa gofu na historia ya kwao. Kila kipupwe alikuja Karinga, akacheza na Lindsay, kisha akakaa na wazee akiwachimba habari za zamani. Aliandika hata kitabu kidogo kuhusu viwanja vya gofu vya wilaya. Ukurasa mzuri kuliko zote ulikuwa wa uwanja wa Merrawin, mji wa jirani: jinsi Ern Noske, baba yake Lindsay, alivyorudi kutoka vitani akiwa hawezi kukaa ndani ya nyumba, akawa anatoka kila alfajiri kung'oa visiki vya mikalitusi, mpaka pakawa na uwanja. Watu waliusoma wakalia.

Basi ukame ukaja, vijana wakahama, na klabu zote mbili zikawa hoi. Watu wa kukata nyasi hawakupatikana tena. Ikaamuliwa ziungane. Karinga wakamwomba Warwick awasemee. Merrawin wakamtuma mwenyekiti wao Lindsay, ambaye utaalamu wake ulikuwa kondoo.

Walikutana kwenye ukumbi wa Merrawin. Glenys, mke wa Lindsay, alileta skonzi na jemu.

"Mimi naona hivi," Lindsay alisema. "Mwaka huu tucheze kwenu, mwakani kwetu. Tukimaliza tunakunywa bia, kila mtu anakwenda zake. Kuna tatizo?"

"Hakuna tatizo hata kidogo, ndugu yangu," Warwick akajibu. "Ila tuangalie bima kwanza."

Wakaangalia bima. Wakaangalia maji na barabara. Kila Lindsay alipoachia kidogo, Warwick alishukuru, akapokea, akaomba kingine. Mwisho akaichomoa historia yake: klabu ya Karinga ilianza kabla ya Merrawin, kwa msimu mmoja tu, lakini ilianza. Kwa hiyo jina libaki la Karinga, na rangi pia. Na uwanja wa kuchezea uwe wa Karinga. Ule wa Merrawin ukodishwe kwa mfugaji, kondoo wale nyasi.

Hakuwa na haja ya vyote hivyo. Wenzake wa Karinga walikuwa tayari kukubali zamu tangu mwanzo, na mmoja alimkanyaga mguu chini ya meza. Lakini Warwick alikuwa amekwisha kunusa ushindi. Alishinda kwa mazoea, kama mtu anayemaliza sahani hali ameshashiba.

Lindsay akasaini, akaegemea kiti. "Jamani, huyu bwana ametuvua mpaka soksi," akasema. "Glenys, kamfiche mbwa, asije akaondoka naye."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Warwick alicheka kuliko wote, akarudi Melbourne akijua kwamba amesifiwa.

Hilo ni kosa ambalo mtoto wa Mallee hapaswi kulifanya. Mtu wa kule akikasirika hutukana, na hasira zikiisha mnakunywa pamoja. Akiumia, anatania. Warwick aliyajua hayo tangu utotoni, ila miaka ya mjini ilikuwa imemtia uziwi.

Jumamosi ya kufungua msimu, Karinga walichoma soseji za kutosha miji miwili. Warwick alivaa tai ya klabu mpya, na hotuba ya historia ilikuwa mfukoni. Saa ya kuanza ikapita. Hakuna pikapu hata moja iliyotokea upande wa Merrawin. Soseji zikaanza kukauka, na mchomaji akaanza kuwarushia mbwa.

Hatimaye gari moja likaingia. Alikuwa Glenys, peke yake.

"Karibu, Glenys! Wengine wako nyuma?"

"Nyuma ya nini?" Akaweka keki mezani. "Niliahidi keki, nimeleta keki. Sikuahidi kukaa."

"Lakini tulikubaliana. Lindsay alisaini. Mwenyewe alicheka!"

"Alicheka." Glenys akamkazia macho. "Hivi, Warwick, wewe ulizaliwa hapa au ulishushwa na ndege? Siku ile alifika nyumbani asile, na mpaka leo ule uwanja hautaji. Na wewe ndiye uliyeandika habari za baba yake! Nilikisoma kitabu chako nikilia. Sasa hata sijui nilikuwa namlilia nani."

Warwick akaifungua tai ya klabu mpya. Roho ilimsuta vibaya.

"Yuko wapi?" akauliza.

"Anakokuwa kila msimu ukifunguliwa. Kondoo wanaingia Jumatatu."

Alimkuta kwenye shimo la mwisho la Merrawin. Nyasi hazikuwepo hapo, lilikuwa duara la mchanga mweusi uliomwagiwa oili chafu ya matrekta usipeperuke. Lindsay alikuwa akilisawazisha kwa ubao wenye mpini mrefu.

"Mheshimiwa," akasema bila kugeuka. "Umefuata soksi nyingine?"

"Nimekuja kukwambia nimekosea. Tutauvunja mkataba, Lindsay. Nitaongea na Karinga, nitapanga—"

"Usianze tena kupanga, bwana wee. Ukipanga wewe, watu wanatoka uchi." Akasimama kuvuta pumzi. "Wenzangu wameshauza fimbo zao. Mashine ya nyasi nayo imeuzwa. Yamekwisha."

Warwick alitamani atukanwe.

"Una fimbo kwenye gari?" Lindsay akauliza.

"Ninazo."

"Basi tucheze hili moja. Lilikuwa la mzee."

Wakacheza. Mipira yote miwili ikafika kwenye mchanga, wa Warwick umbali wa hatua hivi, wa Lindsay karibu zaidi. Lindsay akautupia jicho ule wa mwenzake.

"Okota," akasema, vivi hivi tu, kama alivyosema maisha yake yote.

Warwick akainama akauokota. Aliutazama mpira wa Lindsay. Ulikuwa umekaa ukingoni mwa shimo, kama ule wa fainali.

"Okota, Lindsay," akasema. "Okota, ndugu yangu. Tafadhali."

Lindsay aliuangalia mpira, kisha akamwangalia yeye.

"Ungelisema neno hilo siku ya fainali, ningelipokea. Ungelisema kule ukumbini, ningelipokea na mikono miwili. Huu nitaupiga mwenyewe."

Akaupiga, ukaingia. Aliuacha humo humo shimoni. Akashika ubao wake, akaanza kufuta nyayo, zake na za Warwick, akizunguka kutoka shimoni kwenda nje, jinsi baba yake alivyomfundisha, ili wanaokuja nyuma wakute mchanga safi. Nyuma hapakuwa na mtu.

"Nikusaidie?" Warwick aliuliza.

"Aa, wewe nenda, Warwick. Soseji zitapoa." Lindsay akacheka kidogo.

Safari hii Warwick hakucheka.