Siku Shemeji Alipoingia Karakana

Pikipiki ya marehemu iliuzwa asubuhi, na kabla jua halijafika utosini shemeji mtu alikuwa ameshavunja mlango.

Mama Pacha alikuwa ameinama akijaribu viatu vyake vipya vya kazi, vile vyenye chuma puani, kitasa kiliporuka. Shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, hakubisha hodi wala hakusalimu. Alimkaba shingo akamgongesha ukutani.

"Pikipiki iko wapi?"

"Imekuwa ada."

"Ada! Mtu mzima una watoto wawili, unakwenda kukaa darasani na vitoto?"

"Umeiendesha mwaka mzima, shemeji. Umeleta nini humu ndani? Hata chumvi?"

Kofi la kwanza lilitua shavuni. La pili lilikuja na pete, na mdomo ukapasuka. Mama mkwe, aliyekuwa akiwalisha pacha chumba cha pili, alitoka na mwiko mkononi akajipenyeza katikati yao.

"Nipige na mimi basi," alimwambia mwanawe. "Si umeshakuwa dume?"

Shemeji alishusha mkono. Akapiga teke ndoo ya maji, akatoka. Mlangoni aligeuka. "Nitakufuata huko huko chuoni. Tuone hicho chuma chenu kitakusaidia nini."

Chuo chenyewe, cha ufundi wa kuchomelea vyuma, kilikuwa cha umma, na mitaani watu walidhani cha umma maana yake bure. Ada ilikuwa nafuu, hilo kweli. Ila hakuna aliyewaambia wanafunzi mapema habari za viatu, glavu, vyuma vya mazoezi na malipo ya mtihani. Kinyago cha kuchomelea walichangia wawili wawili: mmoja akishika moto, mwenzake anageukia ukutani asiunguze macho. Mwenzake Mama Pacha alikuwa kijana mrefu waliyemwita Twiga. Twiga alilinda duka usiku, akalala kwenye stoo yake, na saa ya chakula alikunywa maji ya bomba akasema ameshiba.

"Umeshiba upepo," Mama Pacha humwambia, akimsogezea nusu ya viazi vyake. "Kula, usije ukaniangukia na moto mkononi."

Siku yake ya kwanza, alipofika na mdomo uliovimba, mkufunzi alimwita pembeni.

"Umeanguka?"

"Nimeangushwa, mwalimu."

Mkufunzi alikwenda getini akamwagiza mlinzi kwamba mtu asiye mwanafunzi asikanyage karakana. Mlinzi akaitikia ndiyo. Lakini mkono mtupu haulambwi, na shemeji alipokuja hakuja mkono mtupu.

Alikuja siku ya mtihani. Mama Pacha alikuwa anaunga mabomba mawili, kinyago usoni, masikio yamejaa mngurumo wa mashine. Hakumwona wala hakumsikia. Alichohisi ni nywele kuvutwa, kinyago kuruka, na meza ya chuma kumjia usoni. Mkono wake wa kushoto uliangukia pale pale alipomaliza kuchomelea. Nyama iliungua ikanuka, na yeye akapiga ukelele ambao wenzake walisema hawakudhani mtu anaweza kuutoa.

Twiga aliruka juu ya meza. Shemeji aliokota nondo sakafuni akamchapa nayo taya, mara moja tu, na kijana akaanguka chini mzima mzima, akitema damu na meno. Kisha shemeji akamgeukia Mama Pacha.

"Leo nakuzika na cheti chako!"

Nondo ilipopanda, mkono mzima wa Mama Pacha ulikuwa umeshaikuta nyundo. Alimpiga kwenye kifundo cha mkono, nondo ikaanguka. Alimpiga begani, mfupa ukalia. Alimpiga goti, akaenda chini. Sasa mwanamume alikuwa chini na mwanamke yuko juu yake, nyundo imeinuliwa usawa wa kichwa.

"Shemeji, basi! Nakufa, basi!"

Sauti ilikuwa ya marehemu mumewe kabisa. Hata hivyo hakuishusha nyundo. Ni mkufunzi aliyemkumbatia kwa nyuma akambana mikono mpaka ikadondoka. Baadaye watu walimsifu kwa kumsamehe, naye aliwakatiza. "Sikumsamehe. Nilishikwa."

Kituoni alikalishwa kwenye benchi, mkono umefungwa bandeji. Taarifa kutoka hospitali ilikuwa imeshafika: shemeji anadai mwanamke ameuza mali ya familia, kisha akataka kumuua alipodai haki yake. Askari alimtazama kwa jicho la mtu aliyekwishaamua.

Ndipo mama mkwe alipoingia, jasho linamtoka, viatu kavivaa kombo.

"Bibi, mgonjwa ni mwanao?"

"Nimemzaa mwenyewe."

"Basi unalalamika dhidi ya huyu?"

"Mimi?" Bibi alijishika kifua. "Pikipiki ilikuwa ya mumewe, na kuiuza nilimwambia mimi. Mwanangu kamfuata mke wa kakake chuoni kwake akamchoma kama mshikaki. Andika hivyo." Kisha sauti ikamkatika. "Na mmwekee mtu wa kumpa dawa. Mwanangu huyo, msimwache na maumivu."

Mama Pacha aliachiwa jioni ile. Shemeji, bega lilipounga, alifungwa, na mlinzi wa geti akafukuzwa kazi. Mkuu wa chuo alisema pole sana, ila asiyemaliza mtihani anaurudia, na anayerudia analipa upya. Mkufunzi alibishana naye mpaka wakafokeana, haikusaidia. Muhula mzima Mama Pacha alizunguka mitaani akitengeneza mageti na madirisha ya watu, kovu likimwasha kila moto ulipowaka, kisha akarudi akafanya mtihani, akafaulu.

Twiga hakurudi. Taya liliungwa, lakini stoo ilikuwa imeshapata mlinzi mwingine, na asiye na pa kulala hasomi. Alikwenda kwa dada yake mbali, na simu yake haikupatikana tena.

Kila Jumapili mama mkwe alimpelekea mwanawe chakula gerezani. Mwanzoni alikipika kwa kujificha, akiamka kabla ya watu. Jumapili moja Mama Pacha alimkuta jikoni amesimama tu mbele ya sufuria, analia bila sauti. Alichukua mwiko mikononi mwa bibi.

"Kaa, mama. Nitapika mimi."

"Utamtilia sumu?"

Walitazamana. Bibi ndiye aliyeanza kucheka, na kicheko kikarudi kuwa kilio. Mama Pacha alikoroga sufuria, akaonja, akaongeza chumvi.