Mpangaji wa Batula

Ramadhani ya mwaka 1996 ilimkuta Wangatia, afisa wa mifugo kutoka Mumias, ana siku tatu tu Garissa. Asubuhi ya mfungo wa kwanza, mama mwenye nyumba, Batula, alimkabidhi hotipoti ya wali na nyama ya mbuzi.

"Hoteli yote imefunga," akasema. "Nyinyi Kiristo ya bara mtakufa njaa bure. Beba, hooyo," akamwita kama mama wa Kisomali amwitavyo mwanawe.

Wangatia alikuwa Mwislamu, kama babu yake na baba wa babu yake. Lakini kwa Batula, ukishavuka daraja la Tana ni makanisa matupu hadi Uganda. Alipofungua kinywa kueleza, mama wa watu alishageuka. Kesho yake ikawa vigumu zaidi, kesho kutwa ikawa haisemeki kabisa. Haya nayo ni ugonjwa.

Hotipoti ikawa inaliwa ofisini na Nkirote, karani kutoka Meru, aliyeanza kunawiri. Jioni Wangatia alifuturu chumbani kwa tende tatu na chai ya rangi, huku ng'ambo ya ukuta watoto wa Batula wakigombania sambusa. Kwao Mumias hakuna aliyeachwa afuturu peke yake. Upweke ulimuuma kuliko njaa.

Siku ya kumi na mbili, baada ya swala ya alasiri, mzee waliyesimama naye bega kwa bega msikitini alimpa mkono. Alikuwa amefika asubuhi hiyo kwa lori kutoka Hadado, kwenye malisho ya ngamia wake.

"Unakaa wapi?"

"Kwa mama Batula, nyuma ya soko la mbuzi."

Mzee alimtazama toka utosini hadi kwenye kandambili. "Mimi ni Muse, bwana yake. Ameniambia amebangisha Kiristo."

Wakarudi pamoja, Wangatia akitamani ardhi ipasuke immeze. Batula angejiona amefanywa mjinga, na pengine angemfukuza.

Batula alimsikiliza Wangatia mpaka mwisho. "Chakula yangu nani amekula?"

"Nkirote, karani wetu. Yeye ndiye Mkristo."

"Huyo ataendelea kula." Kisha akamkazia macho. "Lakini wewe. Siku kumi na moja Muislamu anafuturu beke yake kwa nyumba yangu, na mimi nakula hapa na watoto. Nitamwambia nini Mungu?"

Wangatia akavua kandambili mlangoni. Magharibi ilipoadhiniwa, Muse alimsogezea nafasi mkekani. Batula akampakulia sambusa, akaongeza, akaongeza tena. Wangatia alikula ameinama, watoto wasiyaone machozi yake.

"Nimeshiba, mama."

"Hujashiba," akasema Batula. "Hizo ni za siku ya kwanza."