Chujio Lililoshika Maji

Muuza juisi alimimina pasheni iliyosagwa kwenye chujio, na juisi ikakaa humo humo kama ndani ya bakuli. Akalitikisa, akaligonga ukingoni mwa ndoo. Halikuvuja hata tone. Kitambaa cha kuchujia nacho kikabeba juisi bila kulowa upande wa chini. Wateja walikuwa wanasubiri, basi akawauzia na mbegu zake.

"Wavu wa dirisha nao haupitishi hewa," alisema mama mkwe wake, akijipepea.

Katika nyumba hiyo dawa haikumalizwa. Mtu akipata nafuu aliacha kumeza, na vidonge vilivyobaki viliingia kwenye kopo la maziwa juu ya kabati, vimsubiri mgonjwa mwingine. Kopo lilikuwa la mama mkwe, naye alilionea fahari. "Haba na haba hujaza kibaba," alikuwa akisema, na kweli lilikaribia kujaa.

Binti mkubwa wa muuza juisi, waliyemwita Chiriku, kwa mdomo wake usiopumzika, alikuwa ameugua koo majuma machache nyuma. Nyumba ikawa kimya. Alipoanza tena kuwasema watu, wakajua amepona, na dawa yake ikaenda koponi. Sasa aliamka macho yamevimba, miguu imejaa, na mkojo kidogo uliotoka ulikuwa mweusi kama chai isiyo na maziwa.

"Figo zimevimba," alisema daktari. "Aliugua koo?"

"Alipona."

"Waliomuuguza koo ni bakteria. Mwili ulipigana nao, na mabaki ya vita yamekwama kwenye figo. Figo ni chujio, mama."

"Najua. Ya nyumbani yote yameziba."

Daktari akaliandika na hilo, kisha akamlaza mtoto. Chumvi marufuku, maji kwa kipimo, dawa ya presha, na vidonge vya bakteria waliosalia. Hivyo avimalize vyote, hata akijiona mzima.

Muuza juisi aliogopa kumpoteza mwanawe. Alikaa kando ya kitanda amepakata chujio lililojaa maji, akilitazama kuliko alivyotazama mashine ya presha. Muuguzi alimletea kitambaa cha kuweka magotini, ikitokea likavuja.

Ikatokea asubuhi moja. Chujio lilidondosha tone, kisha jingine, na muuguzi akaweka beseni chini yake kabla ya kwenda kuchukua chombo cha mkojo.

"Mama, unalowesha shuka," alisema Chiriku, na tangu hapo hakunyamaza.

Walirudi nyumbani na vidonge vyake. Walimkuta mdogo wake ameshika koo, hataki kumeza hata mate. Mama mkwe alikuwa ameshateremsha kopo.

"Mgawie hivyo vya dada yake, vya karibuni."

"Daktari alisema Chiriku amalize, mama."

"Huyu si mzima? Msikilize."

Wakamsikiliza. Chiriku alikuwa akiwasimulia majirani habari za wodini, kitanda kwa kitanda. Muuza juisi akagawa vidonge. Mdogo mtu alipopata nafuu, vilivyobaki vikaingia koponi, na kifuniko kikafunga kwa shida.

Majuma machache baadaye, wakati wa kunywa chai, chai ilibaki kwenye chujio. Muuza juisi akaangalia upande wa pili wa meza. Mdogo wake Chiriku alikuwa akijifikicha macho yaliyovimba, hayafunguki vizuri.

"Mmiminie na majani yake," alisema mama mkwe. "Itapoa."