Mfano wa Kinaya

Mwalimu wa lugha alikuwa bado anaandika ubaoni, tashbihi, sitiari, tashihisi, kinaya, pale mwalimu mkuu alipochungulia mlangoni jasho likimtiririka.

"Mkaguzi ameshafika," akasema kwa sauti ya chini. "Anaanzia kwako. Waliokariri wako mbele?"

"Wako mbele."

"Na wa nyuma wasifungue midomo."

Darasa lilikuwa na wanafunzi themanini na watatu, wanne wanne kwenye dawati la wawili. Kitabu cha fasihi kilikuwa kimoja, cha mwalimu mwenyewe, kimeshonwa kwa kamba ya kiatu. Kilipopitishwa mkono kwa mkono, kengele ililia kabla hakijafika safu ya tatu. Miezi minne nyuma lori lilileta vitabu vipya mia mbili, na wanafunzi hao hao ndio walioshusha maboksi. Tangu siku hiyo vilikaa kwenye kabati la ofisi, ndani ya nailoni zake, ufunguo mfukoni mwa mwalimu mkuu. Kila mwalimu alipoviomba, aliambiwa watoto watavichafua.

Mwalimu wa lugha naye hakutaka kung'ang'ania. Miaka mitano alikuwa akifundisha kwa mkataba wa muda, na likizo zikifika anakuwa mtu baki. Safari hii jina lake lilikuwa kwenye orodha ya ajira ya kudumu. Ilibaki sahihi ya mkaguzi tu. Asubuhi mama yake alimpigia pasi sketi mara mbili, kana kwamba sketi ndiyo itakayokaguliwa.

Mkaguzi aliingia na faili kwapani. Akauliza maana ya tashbihi, wa mbele wakajibu. Sitiari, wakajibu. Mwalimu mkuu akaanza kupumua.

"Na kinaya?"

"Ni hali kuwa kinyume cha matarajio," wakasema kwa pamoja.

"Mfano. Wa kwenu, sitaki wa kukariri."

Safu ya mbele ikainamisha vichwa. Mkono mmoja ukanyooka nyuma kabisa, wa msichana waliyembandika jina la Bubu kwa vile alikuwa hasemi.

"Shule yetu ina vitabu mia mbili vya kusoma," alisema, "na vimefungiwa ili visisomwe."

Mwalimu mkuu alikohoa, akatazama dirishani. Mkaguzi akamgeukia mwalimu.

"Hilo jibu ni sahihi?"

Mwalimu angeweza kusema si kinaya, ni utovu wa adabu, na mambo yangeishia hapo. Bubu alikuwa bado amesimama, anamtazama yeye, si mkaguzi.

"Ni sahihi," akasema. "Kaa, mwanangu."

Ofisini, fomu ilikuwa imeshajazwa: mwalimu hamudu darasa, anachochea wanafunzi. Kabati lilikuwa pale pale nyuma ya kiti cha mkaguzi. Mkaguzi hakuligusa wala kuliulizia.

"Weka sahihi hapa," alisema mkaguzi.

"Weka tu, dada yangu, yaishe," mwalimu mkuu akambembeleza. "Mwakani tutakuombea tena."

Kulikuwa na mstari mmoja mtupu wa maoni ya mwalimu. Akaandika: *Mwanafunzi aliulizwa swali, akalijibu.* Ndipo akatia sahihi.

"Umejimaliza mwenyewe," mwalimu mkuu akamnong'oneza.

Mwalimu alirudi darasani. Kelele zikakatika. Bubu akainuka taratibu.

"Ticha, nimekuponza?"

Alitaka kusema hapana, lakini hakuwa na desturi ya kuwadanganya. Alimwita mbele, akampa chaki.

"Uliyosema, yaandike. Kubwa, wa nyuma waone."

Msichana aliandika polepole, herufi zikipanda kilima. Mwalimu alisahihisha nukta moja tu. Madaftari yakafunguliwa, na kwa mara ya kwanza muhula ule kila mtu alikuwa na kitu cha kusoma kwa wakati mmoja.

Mwalimu mkuu alipotokea mlangoni na bahasha ya barua ya kumwachisha mwalimu kazi, wanafunzi hawakuinua vichwa. Walikuwa wananakili.