Spea ya Karavani ya Sista Monicah

Javan alikuwa bado anafunga mlango wa Landrova aliposikia mkewe akicheka ndani ya duka la matairi pale Migori. Hakikuwa kicheko cha kumridhisha mtu. Kilitoka tumboni, na Javan hakukumbuka mara ya mwisho kukisikia nyumbani kwao Homa Bay.

Alipoingia, alimkuta Monicah amechuchumaa kando ya dereva wake, Gisiri, wote wawili wameweka viganja juu ya tairi moja kana kwamba ni ndama wanayetaka kumnunua.

Monicah alikuwa muuguzi wa macho. Kanisa lilikuwa limempa karavani kuukuu, kijumba cha kukokotwa na gari, kilichotengenezewa watu wa likizo na barabara laini. Aliigeuza kliniki, akawa anazunguka nayo kutoka Mbita hadi kwenye machimbo ya dhahabu ya Macalder. Lakini mvua za El Niño zilipopita, mwanzoni mwa 1998, barabara zilibaki mawe na mashimo, na vijitairi vyake vyote viwili vikapasuka ndani ya wiki moja.

Javan, fundi wa kuchomelea vyuma, alielekeza kidole kwenye matairi mapana yenye meno marefu kama ya trekta. "Chukua haya. Hakuna tope litakaloyashinda."

"Shemeji, meno hayo ni ya gari linalojisukuma," Gisiri alisema taratibu. "Karavani inavutwa tu. Inataka tairi lenye ubavu mgumu, la kubeba mzigo juu ya mawe. Tena hayo ni mapana, yatasugua bodi." Akaligonga lile walilokuwa wakilitazama, jembamba na refu kidogo. "Hili ni la plai nane, tabaka nane za nyuzi ndani ya mpira."

"Tuchukue haya membamba," Monicah alisema. "Matatu, pamoja na la spea." Hata hakugeuka kumtazama mumewe.

Shemeji! Neno lile lilimkwaruza Javan njia nzima ya kurudi. Mkuria huyu amemjua Monicah miezi mitano tu, tayari amejifanya kaka yake.

Kesho yake karavani ilisimama mbele ya karakana ya Javan ili aitengenezee kishikilio cha spea. Gisiri alizunguka nyuma, akaibonyeza bampa kwa dole gumba.

"Hapa ni bati, shemeji. Na uzito ukikaa mkiani, karavani itayumba. Mimi ningeifunga mbele, kwenye ule mkono unaoshikana na Landrova."

"Wewe endesha gari," Javan alijibu. "Chuma niachie mimi."

Alijua Gisiri amesema kweli. Alilijua jambo hilo vizuri kuliko Gisiri mwenyewe. Hata hivyo alishusha miwani yake myeusi, akachomelea kishikilio kwenye bampa ya nyuma, akakipaka rangi ya fedha ili kiwake.

Walipoondoka kwenda Macalder, Javan alifunga karakana akaandamana nao. Alisema anataka kuona kazi yake ikiwa barabarani. Alijipenyeza katikati ya kiti cha mbele, gia ikimgonga magoti, akakaa hivyo saa nzima, bega lake likiwa ukuta kati ya mkewe na dereva.

Kwenye mteremko mmoja wa mawe karavani iliyumba, kisha wakasikia mlio kama wa sufuria iliyoanguka. Gisiri alisimamisha gari. Bampa ilikuwa imeng'oka na kuangukia mtaroni. Spea haikuonekana.

Waliikuta chini kabisa, ndani ya boma la watu. Ilikuwa imevunja ua, ikapasua mtungi wa maji, ikagota kwenye ukuta wa jikoni. Mama mwenye boma, Nyarangi, alikuwa amekaa mkekani na ungo wa karanga mapajani. Kati ya alama ya tairi na mguu wake palikuwa na nafasi ya kiganja kimoja.

Aliweka ungo chini. "Nani alikifunga kitu hiki?"

Javan aliinama, akaanza kuokota vigae vya mtungi.

"Mimi ndiye dereva, mama," Gisiri alisema. "Nilipaswa kukagua. Unisamehe."

Monicah alimtazama Gisiri kwa macho ya heshima, na macho yale yakamchoma Javan kuliko kicheko cha dukani.

"Anadanganya," alisema. "Ni mimi. Aliniambia bampa ni bati, nikakataa."

Monicah alimgeukia. "Ulijua?"

"Nilijua."

"Sasa kwa nini, Baba Liz?"

"Kwa sababu ulicheka naye." Aliposikia maneno yake mwenyewe, mbele ya mama yule na maji yaliyomwagika, alitamani kujificha.

Monicah alisimamisha nguzo ya ua iliyolala. "Yeye ananisimulia mambo, nacheka. Wewe tangu Krismasi nikikuuliza jambo unaguna. Nicheke na mguno?"

Javan alitengeneza ua wa Nyarangi hadi adhuhuri, akaahidi kumletea mtungi mwingine, akauleta wiki iliyofuata. Spea ilisafiri hadi Macalder ndani ya karavani, chini ya meza ya kupimia macho.

Waliporudi, alichomelea kishikilio kipya mbele, kwa vyuma vinene, Gisiri akimshikia. Walifanya kazi bila mazungumzo mengi. Wivu ulikuwa bado upo. Kila Gisiri aliposema "shemeji", Javan aliuma meno, kisha akaendelea.

Alhamisi karavani iliondoka kwenda Mbita kwa siku tatu. Javan alisimama kando ya dirisha la Landrova, na swali ambalo hakuliuliza. Akafuta vumbi kwenye kioo.

"Gisiri atalala kwa katekista," Monicah alisema.

"Sijauliza."

"Najua. Ndiyo maana nakwambia."